Trela Bila Taa Ni Hatari

Barabara ya Embu kwenda Meru ina kona na miteremko mikali, hasa karibu na daraja la Nithi. Ukivuta trela la mahindi kwa motokaa ya nyumbani, trela huficha taa zako. Anayekufuata hajui kwamba unafunga breki.

Kwanza, chuma cha kuvutia kifungwe kwa bolti kwenye chesi, si kwenye bampa.

Pili, unganisha soketi ya pini 7 hivi: waya wa manjano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, mwekundu breki, kahawia taa ya nyuma ya kulia, mweusi ya kushoto, buluu taa ya ukungu. Mweupe hurudisha umeme: usipofungwa kwenye chuma kisicho na kutu wala rangi, taa huwaka ovyo.

Kabla ya safari, jirani asimame nyuma akutazamie kila taa.