Wana wa Kiume Wasioanguliwa

Apitaye sokoni Mwanjelwa, Mbeya, wakati wa jua kali, baina ya magunia ya maharage na mafungu ya viazi mviringo, aghalabu hamtazami mara mbili yule kipepeo wa hudhurungi mwenye ncha za mbawa nyeusi zenye madoa meupe, arukaye polepole kana kwamba hana adui. Na hakika ndege humwepuka, maana alipokuwa kiwavi alikula majani yenye utomvu mweupe kama maziwa, na sumu yake ikamtia uchungu mwilini. Wataalamu humwita Danaus chrysippus.

Lakini yuko adui asiyejali sumu hiyo. Huko Kenya, pande za Nairobi, majike wengi wameonekana kubeba bakteria iitwayo Spiroplasma, ambayo hukaa ndani ya yai na kurithiwa kwa mama peke yake. Na kwa kuwa mtoto wa kiume hawezi kuirithisha mbele, bakteria humuua angali yaini, wakaanguliwa mabinti watupu.

Msiba mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo katika mirathi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 ulidhihirisha kwamba katika majike hao kromosomu ipangayo rangi ya mbawa imeungana na ile ya uke, zikawa zinashuka pamoja na bakteria kutoka kwa mama hadi binti, nazo zafanana mno kwa wote walioambukizwa, dalili ya kuwa chanzo chao ni bibi mmoja wa yapata miaka 2,000 iliyopita. Rangi ya baba huonekana mbawani mwa binti, lakini haivuki hapo: binti huwapa wanawe wa kiume, nao hufa yaini, hata urithi wa madume wageni waliotoka mbali ukazimika katika kizazi kimoja.

Wala msiba huu si wa kipepeo huyu peke yake. Huko Kampala, mtafiti D. F. Owen wa Chuo Kikuu cha Makerere aliona katika miaka ya 1960 kwamba vipepeo wa Acraea encedon walikuwa karibu wote majike. Mwaka 1999 ikabainika kuwa muuaji wa madume ni bakteria nyingine, Wolbachia.

Nawasihi walimu wa Mbeya na Iringa wawape wanafunzi kazi ya kuwalea viwavi wa Danaus chrysippus na kuwahesabu madume na majike wakishapata mbawa: dume ana madoa manne meusi katikati ya ubawa wa nyuma, jike ana matatu.