Mkono unaolisha ukiwa ndio unaopiga: Tumsaidie vipi ndugu mwenye ulemavu?

Safu hii imezoea kukuletea habari za maji safi, vyoo, chakula cha watoto na maradhi ya msimu. Leo tunaingia ndani zaidi ya nyumba, katika kile chumba cha uani ambacho mgeni hafikishwi. Tunazungumzia ndugu zetu wenye ulemavu wanaopigwa, wanaonyimwa chakula, wanaodhulumiwa mali au wanaoingiliwa kimwili na watu wanaoishi nao nyumba moja. Hili nalo ni suala la afya, na pengine limefichwa kuliko mengine yote.

Tuchukue mfano. Huku Masama, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya miteremko ya Kilimanjaro, nyumba zimekaa ndani ya vihamba, kila moja nyuma ya migomba yake na kahawa yake. Jirani anaweza kuwa hatua hamsini tu na asione kinachoendelea. Katika nyumba moja yumo bibi aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Watoto wake wako Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na kila mwezi wanatuma pesa kwa ndugu anayemtunza. Wakipiga simu, anayepokea ni huyo huyo ndugu: "Bibi hajambo, amelala." Wakija Idd wanamkuta ameogeshwa, amevaa kanga mpya, na mtunzaji amekaa pembeni yake tangu asubuhi hadi wageni wanaondoka. Nani atajua kwamba siku nyingine bibi anashinda na nguo zenye mkojo, na akilalamika anazabwa kibao?

Bibi huyu ni wa mfano tu, lakini wengi wetu tumewahi kumwona mtu mwenye hali kama yake.

KWA NINI HASEMI?

Tunapomshauri mtu mzima wa viungo anayepigwa, mara nyingi tunamwambia: ondoka, nenda kwenu, nenda polisi. Maneno hayo hayamfai mtu ambaye anayempiga ndiye anayemnyanyua kitandani, anayempikia, anayemshika mkono njiani au anayemtafsiria maneno yake kwa watu. Akimshitaki leo, kesho nani atampeleka chooni? Hapo ndipo penye fundo la suala hili. Haogopi kipigo peke yake, anaogopa pia kubaki bila mkono wa kumsaidia. Kwa hiyo msaada wa kwanza tunaoweza kumpa ni mkono wa pili na sikio la pili, yasiyopitia kwa yule anayemdhulumu.

Wala tusidhani kuwa ni watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani na watafiti wa Liverpool, Uingereza, walikusanya tafiti za nchi mbalimbali na kukuta kuwa mtoto mwenye ulemavu yumo katika hatari ya kufanyiwa ukatili karibu mara 4 zaidi ya mtoto asiye na ulemavu. Kwa watu wazima hatari hiyo ilikuwa mara moja na nusu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alichukuliwa nyumbani kwao mkoani Kagera na kuuawa. Miongoni mwa watu tisa walioshitakiwa alikuwemo baba yake mzazi. Hatusemi hayo ili kila mzazi atiliwe shaka. Tunasema ili tuache kudhani kuwa aliye ndani ya nyumba yuko salama kwa sababu tu yuko na ndugu zake.

UKATILI USIOACHA ALAMA

Kipigo kinajulikana. Lakini yapo mambo mengine ambayo mwenye kuyafanya huona ni "kumdhibiti" tu au "kupunguza usumbufu":

Kumwekea mbali kitimwendo, magongo au fimbo nyeupe ili asitoke. Kumfungia ndani wageni wanapokuja. Kumnyima au kumpunja dawa za kifafa, za presha au za maradhi ya akili. Kumnyima maji ya kunywa ili asiombe kupelekwa chooni, jambo linaloleta kufunga choo na maambukizi ya njia ya mkojo. Kumwacha na uchafu hadi wakati wa swala upite naye hana hata maji ya kutawadha. Kumtukana na kumwambia yeye ni mkosi wa familia.

Kisha lipo la mali. Mtu anapokea fedha za TASAF kwa jina la mwenye ulemavu, na mwenyewe hazioni. Au jina lake linaandikwa katika kikundi kinachoomba mkopo wa halmashauri, kwa kuwa asilimia 2 ya mapato ya ndani imetengwa kwa watu wenye ulemavu, naye hajui hata kiasi kilichotoka. Au anawekewa dole gumba kwenye karatasi za kihamba. Surat An-Nisaa, aya ya 5, inaagiza kuwa hata yule asiyeweza kusimamia mali yake alishwe na avishwe kutokana nayo, na asemeshwe kwa wema. Mali ile ni amana mikononi mwa msimamizi.

DALILI ZA KUANGALIA

Ukienda kumjulia hali mgonjwa au mwenye ulemavu, usiishie sebuleni. Angalia haya:

Vidonda vya mgandamizo. Hutokea chini ya mgongo, kwenye nyonga na visigino kwa mtu anayelala upande mmoja muda mrefu. Asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi. Kwenye ngozi nyeusi dalili ya mwanzo ni sehemu kuwa nyeusi zaidi, ya moto au ngumu kuliko ngozi ya jirani.

Michubuko. Mtu mwenye shida ya kutembea huanguka, na akianguka huumia magoti, miundi na viganja. Alama zilizo ndani ya mapaja, mgongoni, masikioni, au alama za vidole kwenye mikono yote miwili juu ya kiwiko, hizo zinataka maelezo.

Mabadiliko. Amekonda ghafla. Ananyamaza mtu fulani akiingia. Anashituka akiguswa. Binti mwenye ulemavu wa akili anaanza kulia akivuliwa nguo, au ana maumivu akikojoa.

Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Kidonda kinaweza kutokea hata kwenye nyumba yenye mapenzi, kwa kutojua tu. Dalili inatutaka tuulize.

NAMNA YA KUULIZA

Kwanza, muulize akiwa peke yake. Usimuulize mbele ya mtunzaji, hata kama mtunzaji ni mtu mwema, kwani hutajua. Mwambie mtunzaji, "Nenda ukapumzike, mimi nitakaa naye." Hapo utakuwa umewasaidia wote wawili.

Pili, zungumza naye mwenyewe. Tuna tabia ya kumuuliza aliyesimama nyuma ya kitimwendo, "Huyu anakula vizuri?" Tukumbuke Abdallah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona aliyekuwa mwadhini wa Mtume (S.A.W.) pamoja na Bilal. Alikuja na swali lake mwenyewe, na Surat Abasa ikateremka kufundisha kuwa asipuuzwe.

Tatu, ikiwa ni kiziwi, mkalimani asiwe mtu wa nyumba ile. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinaweza kuulizwa kuhusu wakalimani wa lugha ya alama. Asiyeweza kusema anaweza kubana kidole chako mara moja kwa "ndiyo" na mara mbili kwa "hapana". Mwenye ulemavu wa akili aulizwe kwa maneno mafupi, swali moja moja, bila kumtilia jibu mdomoni.

Nne, akikwambia, mwamini. Usimwambie "vumilia". Wala usitoke pale ukaenda kumgombeza mtuhumiwa, maana ukishaondoka aliyesema ndiye atakayelipa. Kama ni mtu mzima, muulize anataka nini kifanyike. Uamuzi ni wake, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini. Kwa mtoto hakuna kusubiri: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa serikali ya eneo lake. Namba 116 hupigwa bure kwa ajili ya hao watoto.

AKIWA AMEINGILIWA: USIMUOGESHE KWANZA

Katika safu hii ya usafi hatukuzoea kusema msioge. Leo tunasema. Mtu akibakwa, silika ya mama wa nyumba ni kumuogesha, kufua shuka na kumwambia anyamaze. Kwa kufanya hivyo tunaosha ushahidi. Apelekwe hospitali jinsi alivyo. Nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa kuwa nailoni huozesha. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Akishapimwa na kutibiwa, ataoga.

Polisi hutoa fomu namba 3, ile PF3. Lakini mwenye kutoka damu au kuzimia hasubirishwi fomu. Aanze na tiba.

NJIA YA KUFIKA

Vituo vingi vya polisi nchini vina Dawati la Jinsia na Watoto. Katika kata na vijiji zipo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, na katika halmashauri yupo ofisa ustawi wa jamii. Kwa watu wa Masama, ofisi za wilaya ziko Boma Ng'ombe. Mjini Moshi lipo shirika la KWIECO, linalotoa msaada wa kisheria kwa wanawake, na ambalo katika miaka ya 2010 lilijengewa nyumba ya hifadhi. Ukiuliza, uliza na hili: mlango unapitisha kitimwendo? Choo kinafikika?

Tusisahau njia yenyewe. Kushuka hadi Kwasadala wakati wa masika, kwenye tope, ni kazi kwa mwenye miguu miwili. Kitimwendo hakipandi bodaboda. Kwa hiyo mpango ufanywe mapema: gari la nani, nani atalipa, nani atafuatana naye. Atayarishiwe mfuko wenye dawa zake, kitambulisho, kadi ya bima kama anayo, na namba za simu za watu wawili. Na lililo kubwa zaidi: usiku wa kwanza atalala wapi, na nani atamlisha na kumgeuza? Bila jibu la swali hilo atarudishwa pale pale alipotoka.

Sheria iko upande wake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikiruhusu. Na Sheria ya Ushahidi inamruhusu asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara. Mtu asikwambie kuwa kesi ya bubu haisikilizwi.

MTUNZAJI NAYE NI MTU

Kumtunza asiyejiweza usiku na mchana kunachosha, na mara nyingi mzigo huu unamwangukia mtu mmoja, tena mwanamke. Uchovu hauhalalishi kofi, lakini ukoo unaotuma pesa tu na kumwachia mtu mmoja kazi yote nao una sehemu yake katika dhuluma ile. Wekeni zamu. Aliye mjini aje wiki moja kwa zamu yake. Akina mama wa msikitini wagawane siku za kumtembelea. Nyumba inayoingiwa na watu wengi si rahisi kufichia ukatili.

Wengine watasema tunavunja sitara ya familia. Kusitiri ni kufunika aibu ya mtu aliyeteleza. Kumfunika dhalimu ili aendelee kudhulumu ni jambo jingine. Mtume (S.A.W.) alifundisha kumsaidia ndugu anayedhulumiwa na hata anayedhulumu, na alipoulizwa huyu wa pili anasaidiwaje, akaeleza kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu.

Basi ndugu msomaji, wiki hii mtembelee mmoja. Omba kuachwa naye peke yake kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Na wewe uliye Moshi au Dar es Salaam, ukipiga simu usikubali kila mara jibu la "amelala". Sema, "Nitasubiri aamke, nataka kusikia sauti yake."