Matanga ya Wino

Ukiuliza huku kwetu kwa nini Wazungu wanajichora miili, majibu hayachelewi: uhuni, fasheni, jela, kuiga wanamuziki na wacheza mpira. Mwaka 2023 taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza Wamarekani wenyewe. Asilimia 32 ya watu wazima, yaani karibu mmoja kati ya watatu, walikuwa na tatuu. Wanawake waliwazidi wanaume, 38 kwa 27 katika kila mia, na miongoni mwa wanawake wenye umri chini ya miaka 30, waliochorwa walikuwa zaidi ya nusu. Kuhusu sababu, asilimia 69 ya wenye tatuu walisema walitaka, kwa kiasi kikubwa au kidogo, kumuenzi au kumkumbuka mtu au kitu fulani. Urembo, ambao sisi tungeuweka wa kwanza, ulikuja nyuma sana.

"Mtu au kitu" ni kapu kubwa. Humo mnaingia mbwa, timu ya mpira na mtoto aliyezaliwa jana. Hata hivyo, pitia picha ambazo studio za tatuu za London au Chicago huzitundika mtandaoni kutangaza kazi zao. Utakuta tarehe mbili zilizotenganishwa na kistari. Utakuta saini ya bibi iliyonakiliwa kutoka kadi ya siku ya kuzaliwa, herufi zikitetemeka vilevile kama mkono wake ulivyotetemeka. Utakuta nyayo za kichanga asiyewahi kutoka hospitalini. Mimi naziona hizo kuwa kazi za msiba, na nadhani umaarufu wa tatuu katika nchi za Magharibi hauelezeki vizuri bila kuuliza msiba ule ulikuwa unakaa wapi zamani.

Ulikuwa unakaa kwenye nguo. Mumewe Malkia Victoria, Albert, alifariki mwaka 1861, na malkia akavaa nyeusi mpaka alipofariki yeye mwenyewe mwaka 1901. Yeye alizidisha, lakini kanuni ilikuwa ya wote wenye uwezo: mjane wa Kiingereza alitarajiwa kukaa miaka miwili katika vazi la huzuni, akianza na kitambaa kizito kisichong'aa. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba pale Regent Street, London, tangu mwaka 1841, palikuwa na duka zima la vifaa vya msiba. Nywele za marehemu zilisukwa zikawa bangili, au zikawekwa ndani ya kidani. Mpita njia alimwona mtu na kujua bila kuambiwa: huyu amefiwa.

Vita Kuu ya Kwanza ikavunja utaratibu huo. Waliokufa walikuwa wengi mno, na serikali ya Uingereza iliamua miili ya askari isirudishwe nyumbani. Nchi nzima isingeweza kuvaa nyeusi. Mwaka 1965 mwanaanthropolojia Geoffrey Gorer, ambaye baba yake alizama na meli ya Lusitania mwaka 1915, alichapisha kitabu kuhusu kifo na maombolezo nchini Uingereza. Alikuwa amefiwa na ndugu yake, akaona jinsi marafiki wasomi walivyomkwepa mjane wa ndugu huyo. Utafiti wake ulikuta watu wengi wanaoomboleza bila ada yoyote ya kuwaongoza, wakijificha na huzuni yao kana kwamba ni jambo la aibu.

Tangu hapo mambo yamezidi kusogea upande huohuo. Uingereza leo zaidi ya robo tatu ya maiti huchomwa. Marekani, nchi ya makaburi mapana yenye nyasi, ilifika mahali mwaka 2015 ambapo waliochomwa waliwapita waliozikwa. Majivu humwagwa baharini, mlimani, bustanini, na baada ya hapo hakuna pa kwenda kupalilia. Kazini nako, sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri wa kampuni kumlipa mfiwa hata siku moja ya likizo. Wengi hutoa siku tatu kwa hiari yao, ya nne uko mezani unajibu barua pepe.

Msomaji wa Tanga, Mombasa au Bujumbura anajua kinachokosekana hapo. Siku tatu za tanga watu wamejaa, hitima inasomwa, arobaini inakuja, mjane yumo edani miezi minne na siku kumi. Bara wengine hunyoa nywele. Dar es Salaam hata barabara hufungwa kwa turubai na hakuna dereva anayethubutu kupiga honi. Sisemi kwamba sisi tunajua kufa kuliko wao, na gharama za misiba yetu ni makala nyingine. Nasema tu kwamba mfiwa wetu ana alama na ana ratiba. Wa kule alinyang'anywa vyote viwili, akabaki na ngozi.

Sindano ilikuwepo tayari ikimngoja. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipewa hataza ya mashine ya umeme ya kuchora tatuu, aliyoitengeneza kwa kubadilisha kalamu ya umeme ya Thomas Edison. Kwa miongo mingi wateja walikuwa mabaharia, askari na watu wa sarakasi, na wasomi waliidharau kazi hiyo. Adolf Loos, msanifu majengo wa Vienna, aliandika kwamba mtu wa kisasa anayejichora ama ni mhalifu ama ameporomoka utu. Mji wa New York uliipiga marufuku mwaka 1961 kwa hofu ya homa ya ini, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1997.

Kilichoifikisha tatuu kwa wanawake wa kawaida kinanivutia zaidi. San Francisco alikuwepo mchoraji aitwaye Lyle Tuttle. Miongoni mwa wateja wake alikuwa mwimbaji Janis Joplin, aliyechorwa bangili mkononi na moyo mdogo kifuani. Oktoba 1970 Joplin alifariki akiwa na miaka 27. Tuttle alisimulia baadaye jinsi wasichana walivyomiminika kwake wakitaka moyo kama ule. Kwa hiyo mmoja kati ya milango ya kwanza ya wanawake kuingia studio ulifunguliwa na kifo.

Manchester ilionyesha jambo hilo kwa wingi. Tarehe 22 Mei 2017 bomu liliua watu 22 waliokuwa wakitoka kwenye onyesho la Ariana Grande, wengi wao vijana na watoto. Siku chache baadaye foleni zilizunguka studio za tatuu. Watu walikuwa wakichorwa nyuki, mdudu aliyemo katika nembo ya mji huo tangu 1842 kwa sababu ya sifa zake za uchapakazi. Wachoraji walitoza pauni 50 na fedha zikaenda kwa wahanga. Walikuwemo watu wazima ambao hawakuwahi kuguswa na sindano hiyo maisha yao yote. Wangeweza kutoa pauni 50 wakaondoka. Walitaka pia kuumia kidogo na kubaki na alama.

Maumivu yana kazi yake. Mchoro wa mkono mzima huchukua saa nyingi, pengine vikao kadhaa, na katika saa hizo mteja huongea. Mchoraji yuko pale, hawezi kuondoka, ameinamia mkono wa mtu na kusikiliza alivyougua mama, alivyosema siku ya mwisho. Wapo wanaokuja na majivu ya marehemu wakitaka yachanganywe na wino. Wachoraji wengine hukataa, wengine huyasaga na kuyachekecha kwanza. Wajukuu wa Wayahudi walionusurika Auschwitz, kambi iliyowapiga wafungwa namba mkononi, baadhi yao wamechorwa namba ileile ya babu au bibi, ingawa dini yao inakataza tatuu.

Andiko lenyewe la katazo, Walawi 19:28, wahubiri wetu hulitumia kuwakemea vijana kwa ujumla, lakini ukilisoma taratibu utaona linaanza na wafu: Waisraeli wanaambiwa wasijichanje miili kwa ajili ya waliokufa, ndipo zinapokuja alama za ngozini. Yaelekea aliyeliandika alikuwa amewaona waombolezaji wakifanya hivyo.

Sasa niitilie shaka hoja yangu. Mwaka 2005 televisheni ya Marekani ilianza kurusha kipindi cha Miami Ink. Mteja aliingia, akakaa, akaeleza sababu ya mchoro wake, na mara nyingi sababu ilikuwa mtu aliyefariki; machozi, muziki, matangazo. Kizazi kizima kilijifunza kwamba tatuu ya heshima ni ile yenye hadithi. Aliyetaka tu ua zuri begani alijikuta akimtafuta bibi aliyependa maua. Bila shaka ile asilimia 69 ina watu wa namna hiyo. Ila hata huyo mwongo mdogo anatuambia kitu: katika jamii yake, kumkumbuka marehemu ndiko kisingizio ambacho hakuna atakayekibishia.

Kinachonisumbua ni upweke wa alama hizi. Chale za usoni za Wamakonde zilichanjwa na fundi, na kila Mmakonde aliyekutana na mwenye nazo alizielewa bila maelezo. Tatuu ya Chicago ni lugha ya mtu mmoja. Mbayuwayu yule wa wino ni nani? Mpaka uulize. Mwenyewe pengine anataka uulize, maana swali la mgeni kwenye foleni ya kahawa ndiyo nafasi aliyobakiwa nayo ya kulitaja jina la mwanawe kwa sauti.

Tena matanga ya wino hayana siku ya kuvunjwa. Mwenye eda akitimiza siku zake huoga, hubadili nguo, hurudi kwa watu, na watu humpokea. Mwenye tatuu hana aliyepangiwa kumwambia kwamba inatosha. Asilimia 24 ya Wamarekani wenye tatuu waliiambia Pew kwamba wanajutia angalau moja. Dawa yao ni leza, inayoipasua rangi vipande vidogo ambavyo mwili huvizoa taratibu, kwa vikao vingi vinavyoachana wiki kadhaa. Wino mweusi hukubali mapema; kijani na buluu hung'ang'ania, na bili ya kufuta huweza kuipita mara kadhaa ile ya kuchora.