Siri ya Nyumba Mbele ya Kadhi: Mombasa na Riwaya ya Mahakama

Riwaya ya Kiswahili imeikaribia mahakama mara nyingi, lakini imeingia ndani mara chache. Katika hadithi za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, ambazo ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960, fumbo hufumbuliwa na raia mwenye kiko chake, na hakimu hahitajiki. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976), shamba alilopewa binti na babake lagombewa na jamaa baada ya mzee kufa, na ugomvi waishia katika mauaji. Siri za ukoo zimejaa katika kazi hizo mbili. Kinachokosekana ni hali ya mtu kusimama mbele ya hakimu, jamaa zake wakimsikiliza, akatakiwa aeleze kwa kinywa chake yale aliyofunzwa tangu utotoni kuyafunika. Kwa riwaya ya namna hiyo ni vigumu kupata mahali pafaapo kuliko kisiwa cha Mombasa.

Mtunzi mwenye haraka angevutwa kwanza na majengo. Karibu na Ngome ya Yesu lipo jumba la mahakama ya zamani, lililojengwa mwaka 1902, ambalo siku hizi hutumiwa na Makumbusho ya Taifa kwa maonyesho. Ngome yenyewe ilifanywa jela na Waingereza mwaka 1895, ikabaki hivyo hata 1958. Hivyo kwa zaidi ya miaka hamsini hukumu na kifungo vilikuwa majirani. Mandhari hiyo ni nzuri, lakini yampeleka mwandishi kwenye hadithi ya wizi na mauaji, ambayo ingeweza kutokea mji wowote. Jambo lenyewe la Mombasa limo katika mahakama ya kadhi, ambako hapana mwizi wala muuaji. Mahakama hiyo, kwa Sheria ya mwaka 1967 na kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kwa sheria ya Kiislamu, baina ya Waislamu waliokubali mamlaka yake. Yaani husikiliza yale hasa ambayo nyumba ya Mji wa Kale ilijengwa ili yasisikike. Baraza ni ya wageni, ndani ni kwa wenyewe, na dirisha la roshani humwezesha aliye ndani kuona asionekane.

Jambo hili limechunguzwa vizuri na mtaalamu wa Kimarekani, Susan Hirsch, aliyehudhuria mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980 na kutoa kitabu chake mwaka 1998. Aliona kwamba wadai wengi walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walishinda. Aliona pia mgongano ambao mwandishi wa riwaya hapaswi kuupita. Mke mwema, kwa mtazamo wa jamii, ni yule avumiliaye na kuifunika aibu ya nyumba. Ili apate haki yake hana budi kusimulia: mume alisema nini, usiku gani, mbele ya nani. Basi anashinda kesi kwa kufanya lile lile ambalo jirani watamlaumu kwalo. “Mficha uchi hazai,” husema wenye hekima. Lakini ni watu hao hao wamsifuo mwenye stara.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mzee wa Kibokoni amefariki, ameacha mke, mtoto wa kiume na wa kike. Mali yake ikifanywa sehemu 240, mke ana thumuni, yaani 30. Kijana apata 140 na dada yake 70. Kabla eda haijaisha anatokea mwanamke kutoka mji mwingine, na mtoto wa kiume mkononi, adai kwamba naye aliolewa na marehemu kwa siri. Ikithibiti ndoa, wake wawili wagawana thumuni ile ile, kila mmoja 15. Vijana wapata 84 kila mmoja, na binti 42. Isipothibiti, mtoto yule hana urithi kwa baba. Shahidi aliyebaki hai ni mmoja tu, ndugu wa marehemu, naye aliahidi kutosema. Akinena atakuwa amevunja amana ya maiti na kuwapunguzia watoto wa nduguye. Akinyamaza atakuwa amemwacha mtoto aitwe mwanaharamu. Na je, mke wa kwanza, ambaye huenda alijua miaka mingi akanyamaza? Nyumbani kimya chake kiliitwa subira. Mbele ya kadhi, chini ya kiapo, kitaitwa jina jingine.

Utata wa maadili hapa hauhitaji mhusika mwovu, na hii ndiyo faida kubwa ya maudhui haya. Riwaya zetu zimezoea mno tajiri katili na maskini mwema.

Sheria yenyewe yampa mtunzi nyenzo nyingine. Ile ya 1967 yaagiza kwamba mashahidi wote wasikizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia. Kwa hiyo neno la mtumishi wa jikoni laweza kupimwa sawa na la shekhe. Tena, asiyeridhika hukata rufani Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu, au makadhi wawili wengine, huketi pamoja na jaji kama washauri, na lugha ya mahakama hiyo ni Kiingereza. Hadithi iliyosemwa kwa Kimvita yapaswa kusemwa tena kwa lugha ambayo neno stara halina mwenzake. Mwandishi hodari angeweza kujenga nusu ya kitabu juu ya pengo hilo moja.

Mfano wa kufaa upo, ingawa si wa Kiswahili wala wa Mombasa. By the Sea ya Abdulrazak Gurnah (2001) ni habari ya nyumba ya Unguja iliyogombewa na koo mbili, nayo yasimuliwa na watu wawili wakutanao Uingereza miaka mingi baadaye. Kila mmoja ana habari zake, na msomaji haletewi hakimu wa kumwamulia. Gurnah aiacha mahakama nyuma ya pazia. Mwandishi wa Mombasa angeweza kuileta mbele, maana wahusika wake hawana Uingereza ya kukimbilia: wake wawili wa Kibokoni, hukumu ikishasomwa, wangerudi kwenye nyumba moja yenye ngazi moja, kila mmoja na sehemu zake 15.