Shodieri ya gazi: moto nao unataka kupumua



Mwezi wa sita na wa saba ni miezi ya baridi huku kwetu Katanga. Usiku mtu anajifunika mablanketi mawili, na asubuhi maji ya robine yanauma vidole. Wakati huo kila nyumba inatafuta maji ya moto. Mmoja anaingiza mbabula ndani. Mwingine anaondoa kuni chini ya shodieri, yaani lile pipa la chuma la kupashia maji ya kuoga, na mahali pa kuni anaweka buruleri, kile kichwa kinachotoa moto wa gazi.

Gazi ni kitu kizuri. Haileti majivu, na mama hapulizi moto mpaka macho yatoke machozi. Lakini buruleri ikiwekwa vibaya inaua, na mara nyingi inaua watu waliolala.

MALARIA AMBAYO HAIKUWA MALARIA

Msimu mmoja wa baridi, alfajiri, baba mmoja alifika kwenye dispanseri na mke wake na watoto watatu. Wote waliumwa kichwa, wote waliona kizunguzungu, na mtoto mdogo alikuwa akitapika.

— Munganga, ni malaria. Utupe dawa.

— Baba, malaria imewashika wote watano usiku mmoja?

— Ndiyo, munganga. Jana jioni tulikuwa wazima.

Nilipima joto: hakuna aliyekuwa na homa. Nilipima damu: hakuna malaria. Ndipo mama akasema kwamba kichwa chake kilianza kupungua njiani, tangu walipotoka nyumbani. Nikawauliza: «Maji mnapasha na nini?»

Rafiki mmoja alikuwa amewawekea buruleri kwenye shodieri, katika kijumba kilichoshikana na chumba cha kulala. Bomba la moshi liliishia chini ya dari. Na tundu la hewa ukutani, mama alikuwa ameliziba kwa gunia kwa sababu ya upepo wa baridi.

Tuliwapa oksijeni, wakapona wote watano. Kama wangeendelea kulala, sijui ningehesabu wangapi. Na baba yule si mjinga: anafanya kazi chini ya ardhi, hewa mbaya anaijua. Hakufikiri tu kwamba hewa hiyo inaweza kumngojea nyumbani kwake.

HEWA ISIYOONEKANA

Moto ukikosa hewa ya kutosha unazaa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ile harufu ya bonboni imetiwa kiwandani ili tujue gazi inavuja. Kaboni monoksidi haina wa kututangazia. Ukiivuta, inashika damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka mwilini, lakini mzigo iliobeba si ule unaotakiwa.

Wachimbaji wenzetu waliijua zamani. Kule Courrières, Ufaransa, tarehe 10 Machi 1906, mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe uliua watu 1.099, na wengi wao waliuawa na hewa hii. Wachimbaji wa Uingereza walikuwa wakishuka na ndege wadogo, kanari, kwa sababu ndege huanguka kabla ya mtu. Kanari hao waliachwa mwaka 1986, vyombo vya kupima vikachukua nafasi yao. Leo kuna vyombo vidogo vya nyumbani vinavyolia vikihisi hewa hii. Anayeweza kukipata, akiweke karibu na chumba cha kulala.

NAMNA YA KUWEKA BURULERI

1. Mwite fundi wa gazi. Anayejua kuchomelea chuma si lazima ajue gazi. Kazi yako ni kusimama karibu na kuangalia kama mambo yafuatayo yamefanyika.

2. Buruleri ifanane na gazi. Buruleri iliyotengenezwa kwa gazi ya mabomba ya miji ya Ulaya ina tundu kubwa zaidi. Ukiiunga na bonboni, moto unakuwa mrefu, wa njano, wenye masizi. Detanderi, kile kichwa cha kupunguza nguvu ya gazi, nayo ilingane na maandishi yaliyo kwenye buruleri.

3. Hewa iingie. Litri moja ya gazi ya propani inataka litri 24 hivi za hewa ili iungue vizuri; ya butani inataka 31. Pawe na tundu chini na tundu juu, na yasizibwe hata siku ya baridi kali. Tena sisi tunaishi juu, zaidi ya metri 1.000 kutoka bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Fundi arekebishe moto hapa hapa.

4. Moshi utoke. Bomba lipande mpaka lipite paa. Lisiishie darini wala dirishani. Kabla ya msimu wa baridi, ondoa masizi na viota vya ndege.

5. Bonboni ikae nje, wima, kivulini, mbali na shimo na mfereji. Gazi ya bonboni ni nzito kuliko hewa: ikivuja, inashuka na kujikusanya chini.

6. Pima viungo vya tiyo kwa maji ya sabuni. Mapovu yakipanda, funga gazi. Usipime kamwe kwa kiberiti.

7. Jaza maji kwanza, ndipo uwashe. Ile supapu ya usalama ya shodieri usiizibe hata kama inadondosha maji, kwa maana shodieri isiyoweza kupumua inapasuka kama bomu.

8. Moto ukizimika, funga gazi, fungua mlango, ngoja dakika tano au zaidi kabla ya kuwasha tena. Buruleri nzuri ina kifaa kinachofunga gazi chenyewe moto ukizimika. Usikubali iliyoondolewa kifaa hicho.

9. Angalia rangi ya moto. Wa buluu uliotulia ni mzuri. Wa njano, wenye masizi, unaomba hewa: uzime, umwite fundi.

Na mbabula? Makala yake yanatoa hewa ile ile, hata yakiwa mekundu bila moshi. Mahali pake ni nje.

MKIONA DALILI

Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, wakilegea na kutapika bila homa, na wakipata nafuu wakitoka nje, msingoje. Tokeni wote, fungeni gazi kama inafikika bila hatari, fungueni milango, mje hospitali. Ukimkuta mtu ameanguka ndani, ita wenzako kwanza, fungua, mvute nje upesi, wala usikae ndani ukimtikisa.

Mkifika, mwambieni munganga: «Tulikuwa na moto ndani.» Neno hilo ni la lazima, kwa maana kile chombo kinachobana kidole kinaweza kuonyesha oksijeni ni nzuri wakati damu imejaa kaboni monoksidi. Mama mwenye mimba aje hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu mtoto tumboni anaumia zaidi yake.

Ndugu, kule mgodini hakuna anayekubali kushuka kama hewa haipiti. Leo jioni, kabla ya kulala, zunguka nyumba yako na uangalie hilo hilo: hewa inaingia wapi, na moshi unatoka wapi? Na ukikuta gunia kwenye tundu la ukuta, litoe.