Kupanga nyumba Bukavu ukiwa na mbwa: tazama parseli kwanza, kartiye baadaye

Mwambie komisioneri yeyote wa Bukavu, yaani dalali wa nyumba, kwamba unatafuta nyumba ya kupanga na una mbwa wawili. Atakutajia kartiye kabla hujamaliza kusema. Muhumba. Nguba. La Botte, kama mfuko unaruhusu. Kila jina lina bei yake, na bei hiyo ni ya dola. Mimi kama daktari wa wanyama ningekuomba uulize kwanza parseli yenyewe ikoje. Mbwa haishi kwenye kartiye. Anaishi ndani ya ukuta mmoja, juu ya udongo mmoja, na majirani wale wale usiku na mchana. Na katika mji huu parseli mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana kuliko kartiye mbili zilizo mbali.

Sababu iko katika namna mji ulivyokua. Enzi za Wabelgiji, ulipoitwa Costermansville, makazi yalitengwa kwa rangi. Wazungu walikaa upande wa Ibanda, kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu, katika nyumba zenye bustani pana. Waafrika waliwekwa Kadutu, na katika miaka ya 1950 wakajengewa Bagira. Leo wakazi wanakadiriwa kupita milioni moja, wengi wao wakiwa wamekimbia vita vijijini tangu 1996. Bustani zile zikakatwa vipande. Nyuma ya nyumba kubwa ikajengwa aneksi, na nyuma ya aneksi vyumba vya kupangisha. Kwa hiyo ukiambiwa “nyumba iko Ibanda” bado hujajua kama mbwa wako atapata uwanja wa kukimbia au ujia wa kupita mtu mmoja.

Anza na mteremko. Ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji wote unapanda kutoka hapo. Ukuta ambao ukiutazama kutoka barabarani unafika mita mbili, kwa ndani, upande wa juu ambako udongo umejazwa, unaweza kumfikia mtu magotini tu. Mbwa ataona hilo siku ya kwanza. Pima urefu ukiwa ndani, pande zote nne, tena pale palipo chini zaidi. Tazama pia kama ukuta una mashimo ya kutolea maji, kama umepasuka, kama umeanza kuinama. Mvua zetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Udongo ukishiba maji husukuma, na kuta huanguka. Nyingine zilipata nyufa katika tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, zikapakwa chokaa juu.

Kwa mwenye mbwa, ukuta ni jambo la sheria pia. Kifungu cha 261 cha kitabu cha tatu cha sheria ya madai ya Kongo, kinachotoka katika amri ya mwaka 1888, kinamfanya mwenye mnyama, au anayemtumia, awajibike kwa madhara ambayo mnyama huyo ameleta, hata kama alikuwa amepotea au ametoroka. Ukuta ukianguka saa nane za usiku na mbwa wako akamng’ata mpita njia, kusema kwamba ukuta ni wa mwenye nyumba hakutakuondolea kesi ya jeraha. Ndiyo maana ukuta mbovu ni sababu tosha ya kuikataa nyumba nzuri.

Baada ya ukuta, hesabu watu. Uliza ni familia ngapi zinatumia geti moja na nani hulifunga usiku. Geti linalotumiwa na kaya tano halifungwi na mtu yeyote, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake atalifunga. Uliza watoto wanachezea wapi na maji yanatekwa wapi. Kama bomba la Regideso, shirika la maji, liko katikati ya uwanja, kila anayebeba bidoni atapita mbele ya mbwa wako alfajiri. Kama jirani wa mlango wa pili ni Mwislamu, fahamu kwamba katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi inayodai kuoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Usimwombe avumilie. Tafuta parseli ambayo mbwa hatafika mlangoni pake wala kwenye kamba yake ya nguo.

Kubweka nako kuna mipaka. Mwenye nyumba atakuuliza, “Papa, mbwa wako anauma?” Anataka jibu la ndiyo kwa ajili ya wezi na la hapana kwa ajili ya wapangaji wengine. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, usingizi wa watu wengi ni mwepesi, na sauti ya mbwa usiku inamfariji mwenye mbwa huku ikimshtua jirani. Mbwa hubweka zaidi anapoona miguu ikipita chini ya geti. Geti la bati linalofika chini, na banda lililowekwa nyuma ya nyumba badala ya kando ya barabara, hupunguza makelele hayo kuliko kipigo chochote.

Sasa twende mtaa kwa mtaa. Muhumba na La Botte bado zina parseli kubwa za zamani, ukuta wa mawe na nafasi ya sentineli. Mashirika ya misaada yamezoesha soko la huko bei kubwa, ingawa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, yenyewe iliondoka Kivu ya Kusini mwishoni mwa Juni 2024. Ukikaa karibu na maji una faida moja: Ziwa Kivu halina mamba, hivyo mbwa anaweza kuoga. Lakini sehemu kubwa ya ufukwe imezungushiwa ukuta, basi hakikisha njia ya kushuka ziwani ni yenu kweli. Nguba iko karibu na mpaka wa Ruzizi. Kuna magari na wasafiri wengi, na mbwa mwoga atapata shida.

Panzi, inayojulikana duniani kwa hospitali aliyoanzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ina kodi nafuu zaidi, lakini nyumba zimesongamana na ua wa peke yako ni adimu. Kadutu ndiyo ngumu kuliko zote. Kwenye miteremko yake nyumba za mbao zimeshikana, njia ni za miguu, na moto hutokea mara kwa mara. Mbwa aliyefungwa kwa mnyororo na kufuli hatoki motoni. Kama ni lazima ukae huko, kaa na mbwa mmoja mdogo anayelala ndani, na umfunge kwa kamba yenye ndoano inayofunguka kwa mkono mmoja. Bagira iko mbali na katikati ya mji, na nauli ya kila siku itakuuma. Lakini ilipimwa na kupangwa tangu mwanzo, nyumba zikiwa kwenye mistari na vipande vya bustani. Mwenye mbwa wawili wakubwa na mshahara wa kawaida angeanza kutafuta huko kabla ya Muhumba.

Popote uendapo, tazama jalala liko umbali gani. Takataka za soko huvuta mbwa wasio na mwenyewe, na mbwa hao wanaweza kuleta kichaa cha mbwa. Karibu asilimia 99 ya watu wanaopata ugonjwa huo duniani huupata kwa mbwa, na dalili zikishaonekana, ni nadra sana mtu kupona. Chanjo ya kwanza hutolewa mbwa akifika miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari atakavyopanga. Mtu aking’atwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Jike asiyefungwa kizazi huita madume wa mtaa mzima karibu mara mbili kwa mwaka, na hapo ukuta mfupi unageuka mlango.

Uliza pia kama mpangaji aliyetangulia alikuwa na mbwa, na kama kuna mbwa mchanga aliyekufa hapo kwa kuharisha damu. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na deki ya kawaida haiviui. Usipeleke mbwa mchanga ambaye hajamaliza chanjo zake kwenye parseli kama hiyo. Uliza vilevile kama majirani wanatega sumu ya panya. Na usisahau maji: mbwa wa kilo 20 hunywa karibu lita moja kwa siku, mbali na maji ya kuosha banda. Kwenye vilima ambako bomba hukauka, hizo ni bidoni zaidi za kupandisha kila wiki.

Ukiridhika, weka mbwa ndani ya mkataba. Andika idadi yao, kwamba mwenye nyumba amekubali, nani atarekebisha ukuta na geti, na hali ya milango siku unayoingia. Ambatanisha nakala ya cheti cha chanjo. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba akidai mwezi wa nne “kwa sababu ya mbwa”, mwoneshe sheria kwa heshima, kisha ujitolee kulipia mlango au bustani itakayoharibika. Ahadi iliyoandikwa humtuliza kuliko mabishano. Baada ya kuhamia, jitambulishe kwa shefu wa avenyu ukiwa na cheti hicho mkononi, maana malalamiko ya kwanza yatafikishwa kwake.

Kabla ya kulipa, rudi pale mara mbili: mara moja mvua ikinyesha, uone maji yanapita wapi, na mara moja usiku, usikie mtaa unavyolala. Parseli ikipita mitihani hiyo miwili, jina la kartiye linabaki kuwa suala la kodi na nauli tu.