Okestra Inayojua Kunyamaza

Mtunzi anayeandikia chelo na okestra ana hatari moja kubwa mbele yake. Sauti ya chelo hukaa sana pale pale inapokaa sauti ya mwanamume anayeimba, na tarumbeta na fidla zikipigwa kwa nguvu, haisikiki tena. Edward Elgar wa Uingereza alilijua hilo. Katika konseto yake ya chelo ya mwaka 1919, aliizuia okestra kwa makusudi, nami naamini uchungu wote wa muziki ule umetoka humo.

Sikiliza mwanzo wake. Chelo inaanza peke yake, upinde ukikwaruza nyuzi kadhaa kwa pamoja, kwa uzito. Klarineti na pembe zinaitikia kwa sauti ya chini, kisha zinaacha. Halafu zinaingia viola na wimbo mrefu unaoyumba, bila chombo kingine cha kuzisindikiza. Chelo inaupokea, inaurudia, baadaye inapanda mbio hadi juu kabisa, na hapo ndipo okestra nzima inaporuhusiwa kulia. Aliyezoea kuisikia chelo ikiunguruma nyuma ya waimbaji wa taarabu Unguja atashangaa kuona inavyofika huko juu.

Alipoimaliza konseto hii, Elgar alikuwa na miaka 62, akiishi katika nyumba ya shamba huko Sussex. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, usiku, mizinga iliyopigwa Ufaransa ilisikika hadi pale. Mkewe, Alice, alikuwa akidhoofika. Alifariki Aprili 1920. Onyesho la kwanza la konseto, London, Oktoba 1919, liliharibika kwa sababu okestra haikupata muda wa kutosha wa mazoezi.

Kati ya wapiga chelo wa okestra usiku ule alikuwemo kijana John Barbirolli. Mwaka 1965 alisimama mbele ya okestra ile ile, London Symphony, kumwongoza mpiga chelo Jacqueline du Pré, binti wa miaka 20, katika rekodi iliyoipa konseto hii wapenzi dunia nzima. Wapo wanaomlaumu du Pré kwamba anazidisha hisia. Nawaomba wasikilize sehemu ya tatu, ile ya polepole, ambamo chelo inapumzika kwa kipimo kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na safari hii masikio wayaelekeze kwa Barbirolli na okestra yake.